Usiifute Sura ya Mama: Funzo la Kuchagua Programu ya Picha

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka kadhaa, nikiwaandikia watoto ubaoni na kuwataka waitungie sentensi, lakini maana yake halisi sikuifahamu mpaka siku ile askari mmoja kijana aliposimama mlangoni pangu, ameshika picha kubwa kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya upole: "Mwalimu, picha ni nzuri sana. Lakini huyu si mama yangu."

Ndugu msomaji, nakuomba univumilie nikusimulie habari hii tangu mwanzo wake. Najua kwamba katika kambi zetu za jeshi na polisi wako akina mama na vijana wengi, na hata askari wanaokaribia kustaafu, ambao wamekwisha kununua kamera au wanatumia simu zao kupigia picha za kuuza, na sasa wanajiuliza lile swali nililojiuliza mimi: Je, nichague programu gani ya kutengenezea picha zangu? Swali hilo laonekana dogo, la fedha na la mashine tu. Kumbe ndani yake mna heshima za watu.

Jinsi nilivyoanza

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi, kisha nikahamishiwa ofisi ya wilaya kutunza majalada, ingawa majirani hawajaacha kuniita Mwalimu. Mume wangu ni askari polisi, na tumeishi katika nyumba za kambi tangu tulipooana. Hali ya mishahara miwili yenye watoto watatu, karo, na wazazi kijijini haihitaji maelezo kwa wasomaji wa gazeti hili. Kwa hiyo mwaka 2017, mtu mmoja alipokuwa akiuza kamera yake kuukuu, tuliketi mimi na baba watoto, tukahesabu akiba yetu, tukainunua. Nia yangu ilikuwa kupiga picha za arusi, za ubatizo, za mahafali na za vitambulisho siku za Jumamosi na Jumapili, ofisi inapokuwa imefungwa.

Kushika kamera nilijifunza upesi. Taabu ilikuwa baada ya kupiga. Watu niliowasimamisha mbele ya ukuta mweupe walitoka nyuso nyeusi tititi, macho hayaonekani. Waliopigwa ndani ya ukumbi, chini ya balbu, walitoka wa manjano kana kwamba wamepakwa binzari. Waliopigwa kivulini chini ya mwembe walikuwa na rangi ya samawati kama watu wenye baridi. Wateja hawakunigombeza, bali walilipa nusu wakaenda kwa mwingine.

Nikaambiwa kwamba wapiga picha wote siku hizi hutengeneza picha zao katika kompyuta kabla ya kuzipeleka kupigwa chapa. Basi nikaenda mjini katika duka moja la kompyuta. Kijana wa pale aliniuliza swali moja tu: "Mama, unataka programu za wakubwa?" Nikasema ndiyo. Akanipakilia mbili. Ya kwanza ilikuwa programu maarufu ambayo wenyewe huiuza kwa fedha nyingi, lakini hii ilikuwa imevunjwa kufuli. Ya pili ilikuwa ya kupamba sura. Ili ziweze kufanya kazi, alizima ulinzi wa virusi uliokuwamo katika kompyuta yetu, akanionya nisiuwashe tena. Nilimlipa shilingi 30,000, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Ile ya kwanza ilinishinda siku hiyo hiyo. Niliifungua nikakuta alama na vitufe vingi mno, nikaifunga. Ile ya pili ndiyo iliyonipendeza. Kazi yake yote ilikuwa katika kitufe kimoja: ukikibonyeza, ngozi ya mtu yalainika kama ya mtoto mchanga, makunyanzi yaondoka, madoa yatoweka, na uso waanza kuwa mweupe. Ukibonyeza tena, wazidi. Kisha ukihifadhi, picha mpya yakaa mahali pa ile ya kwanza kwa jina lile lile, na ile ya kwanza haipo tena. Jambo hili la mwisho sikulitilia maanani hata kidogo.

Picha ya kuagana

Mwaka 2018 koplo mmoja wa jeshi, kijana mtulivu ambaye dada yake alikuwa jirani yetu, alikuwa amemaliza mafunzo huko Singo, akingojea kusafiri kwenda Mogadishu na wenzake katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM kama kilivyoitwa wakati ule. Wasomaji wanakumbuka kwamba askari wa Uganda ndio waliotangulia kutua Mogadishu kwa kazi hiyo, Machi 2007. Kwa hiyo safari kama hiyo haikuwa ngeni kambini, na desturi ya kupiga picha kabla ya kuondoka haikuwa ngeni pia.

Mama yake alisafiri kutoka kijijini kuja kumuaga. Alivaa gomesi ya rangi ya zambarau, na kichwani kitambaa alichokifunga kwa uangalifu. Alikuwa mwembamba, mwenye mikunjo mingi kandokando ya macho, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu refu. Nilimketisha barazani, mwanawe akasimama nyuma yake amevaa sare. Mama akacheka akasema: "Mwanangu, usinipige nikaonekana kizee."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilipiga picha kumi na mbili. Kumi na moja zilitoka vizuri. Moja taa ya kamera haikuwaka, na katika dakika hiyo hiyo mama alikuwa amesimama na kugeuka upande, ameinua mkono kumrekebishia mwanawe kola ya shati. Hiyo ilitoka giza tupu, nikaihesabu kuwa imeharibika.

Usiku ule nilifanya kama nilivyoahidi. Nikazifungua zile kumi na moja moja baada ya nyingine, nikabonyeza kitufe, nikahifadhi. Ile ya giza sikujisumbua nayo. Asubuhi nilipiga chapa mbili ndogo. Mama alipoiona alipiga makofi akasema kumbe bado ni msichana, na mwanawe akaitia yake katika pochi bila kuitazama sana kwa kuwa gari lilikuwa likimngoja. Kadi ya kamera nilikuwa nayo moja tu. Nikaifuta yote kwa ajili ya arusi ya Jumamosi.

Mama yule alifariki dunia kabla mwanawe hajamaliza muda wake. Habari zilimfikia siku ya tatu, na mazishi yalifanyika bila yeye. Aliporudi mwaka 2019 alikuja kwangu akaniomba picha kubwa ya kuweka katika fremu, ili iwepo siku ya sala ya kumbukumbu. Niliipeleka Kampala, Nasser Road, mtaa unaojulikana kwa kazi za uchapaji, wakanitolea picha safi inayong'aa. Nilimkabidhi kwa fahari. Kesho yake ndipo aliposimama mlangoni.

"Ile ndogo ilinidanganya," akasema. "Hii kubwa imesema kweli. Kovu liko wapi, Mwalimu?"

Akanieleza kwamba kovu lile mama yake alilipata akipasua kuni za kuuza, mwaka ambao yeye alikuwa darasa la saba na hakuna mtu mwingine wa kumlipia. Kipande cha kuni kiliruka kikampiga. "Kila nilipotaka kuacha shule," akasema, "nilikuwa nikilitazama lile kovu. Wewe umelifuta."

Hakupandisha sauti. Laiti angenigombeza ningepata la kujibu.

Neno la askari polisi

Usiku huo niliipekua kompyuta yote. Picha zote kumi na moja zilikuwa na uso ule ule laini, mweupe, usio na umri. Picha zilizotoka katika kamera hazikuwapo tena popote. Nilikuwa nimezifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, nikidhani nazipendezesha.

Baba watoto alirudi kutoka lindoni akanikuta nimekaa. Nilipomsimulia, alivua buti zake kimya, kisha akaniambia neno ambalo ndilo kiini cha makala hii. "Mama watoto, sisi tukipata kielelezo cha kesi hatuandiki juu yake. Tunakifunga, tunakitia namba, kinakaa ghalani. Kazi yote tunaifanya juu ya nakala. Mtu akichezea kielelezo chenyewe, kesi imekufa. Hiyo programu yako haina ghala?"

Naam, haikuwa na ghala. Nikakumbuka pia wapiga picha wa zamani, wale waliotupiga tukiwa watoto mbele ya pazia lililochorwa maua. Walikuwa na mkanda. Picha ya karatasi ungeweza kuikata, kuipaka rangi, hata kuichoma moto, lakini mkanda ulikaa katika bahasha yake, na baada ya miaka mingi ungeweza kurudi ukasafishiwa picha nyingine. Mimi, katika zama za kompyuta, nilikuwa nimechagua chombo kinachochoma mkanda kila kinapotoa picha.

Maswali ya kuuliza

Tangu siku hiyo nilianza kutafuta programu kwa utaratibu mwingine. Sikuuliza tena ipi ni ya wakubwa, wala ipi yaweza kumfanya mtu apendeze upesi. Swali langu la kwanza likawa hili: Je, programu hii yaiacha picha ya asili kama ilivyo? La pili: Je, naweza kuwa nayo kwa haki bila kuvunja bajeti ya nyumba? La tatu: Je, kompyuta yangu yaweza kuibeba, na yaweza kufanya kazi siku ambayo sina fedha za mtandao? La nne: Je, yaheshimu rangi ya ngozi zetu?

Nitakueleza niliyoyapata, maana huenda yakakupunguzia safari.

Programu iliyo mashuhuri kupita zote ni Photoshop. Iliasisiwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, na kampuni ya Adobe ikaanza kuiuza mwaka 1990. Ni chombo chenye nguvu sana, na anayekijua hufanya kazi zake katika tabaka zinazokaa juu ya picha, hata asili isiguswe. Mwenzake ni Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, ambayo huandika maagizo ya marekebisho mahali pengine na kuiacha picha yenyewe. Mtu ambaye kupiga picha ndiyo kazi yake ya kila siku hatajuta kuzilipia. Lakini tangu mwaka 2013 Adobe iligeukia mtindo wa kulipa kodi ya mwezi au ya mwaka, kama mpangaji. Ukiacha kulipa, mlango wafungwa. Kwa mwanafunzi anayepata arusi moja mwezi huu na mwezi ujao asipate hata moja, kodi hiyo ni mzigo. Na kuitumia kwa wizi, kama nilivyofanya mimi, ni kuukaribisha ugonjwa nyumbani. Fundi mwaminifu alipokuja kuisafisha kompyuta yetu baadaye, alikuta virusi vimejaa humo, navyo viliingia siku ile ulinzi ulipozimwa. Fauka ya hayo, nyumba ya askari polisi inayoendesha biashara kwa mali ya wizi itawafundisha nini watoto?

Nikajua kwamba ziko programu za bure kwa halali, zilizotungwa na watu wa nchi mbalimbali ambao wamekubaliana kwamba kila mtu aweza kuzitumia na kuzigawa. Mojawapo ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley huko California, Spencer Kimball na Peter Mattis. Hii ni nzuri kwa kazi ya kukata na kubandika, mathalani kuondoa ukuta mchafu nyuma ya mtu na kuweka rangi moja kwa picha ya kitambulisho. Kwa miaka mingi marekebisho yake mengi yaliingia moja kwa moja katika picha uliyofungua. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limeleta njia ya kurudi na kubadilisha baadhi ya yale uliyokwisha kufanya. Hata hivyo, mwanafunzi na afungue nakala, asifungue asili.

Nyingine ni darktable, iliyoanza mwaka 2009. Hii ndiyo iliyonijibu swali langu la kwanza barabara. Ukiifungulia picha, haiandiki kitu juu yake. Kila unachofanya, iwe ni kuongeza mwanga, kukata ukingo au kurekebisha rangi, yakiandika katika faili dogo la maagizo lililo kando ya picha. Ukitaka picha ya kupeleka kupigwa chapa, yasoma maagizo hayo na kukutolea nakala mpya. Miaka kumi baadaye waweza kuyafuta maagizo yote, ukaikuta picha ikiwa kama ilivyotoka katika kamera. Ipo pia RawTherapee, inayofuata njia hiyo hiyo. Zote mbili ni za bure, hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux, na ukishazipakua hazihitaji mtandao. Kasoro yake ni moja: mwanzoni zinatisha. Vitufe ni vingi, na kompyuta dhaifu huzibeba kwa taabu. Mimi nilijipa sheria ya kiualimu. Mwezi wa kwanza nilijifunza vitu vitatu tu: kiasi cha mwanga, uwiano wa rangi, na kukata ukingo. Mengine niliyaacha mpaka hayo matatu yalipokuwa mepesi mkononi.

Kwa yule asiye na kompyuta, Snapseed ya simu, inayotolewa bure na Google, yatosha kuanzia. Cha muhimu, ukimaliza kazi katika simu, hakikisha umehifadhi nakala mpya, na ile ya kwanza ipo.

Kosa si la ngozi

Swali langu la nne lahitaji maelezo yake, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopotoka bila kujua.

Kwa nini nyuso zilitoka nyeusi tititi mbele ya ukuta mweupe? Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera kimeundwa kwa kudhani kwamba vitu vyote mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya rangi ya kijivu cha wastani. Kikiona ukuta mweupe umejaa, hufikiri mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Ukuta watoka wa kijivu, na uso wa mtu mweusi wazama gizani. Dawa yake ni kuiagiza kamera iongeze mwanga kidogo wakati wa kupiga, au kumwondoa mtu ukutani. Ukichelewa, waweza kuongeza mwanga katika programu. Kumpaka mtu weupe si dawa, maana ngozi yake haikuwa na kosa.

Tena jambo hili lina historia. Katika enzi za mikanda, maabara za kusafishia picha zilipanga rangi zake kwa kutumia kadi za mfano kutoka Kodak, zilizoitwa kadi za Shirley, nazo kwa miaka mingi zilikuwa na picha za wanawake wa Kizungu. Rangi ikiwa sawa kwake, ilihesabiwa kuwa sawa kwa wote. Hivyo babu zetu wengi walitoka katika picha kama vivuli, na watu wakaamini kwamba weusi haupigiki picha vizuri. Leo kadi hizo zimepita, lakini kitufe cha kuleta weupe kimekuja katika simu zetu, nasi twakibonyeza wenyewe kwa hiari yetu.

Jambo jingine nililojifunza ni juu ya namna kamera inavyohifadhi picha. Kamera nyingi zina njia mbili. Ya kwanza, JPEG, hutoa picha iliyokwisha kupikwa ndani ya kamera, na kila rangi ya msingi hupewa ngazi 256 za mwanga. Ya pili, inayoitwa RAW, huweka yote ambayo kamera iliona kabla ya kupikwa, kwa ngazi 4,096 au hata 16,384. Faili la namna hii ni kubwa, kwa hiyo hujaza kadi upesi. Lakini picha iliyotoka giza yaweza kufufuliwa bila kuchakaa sana. Darktable na RawTherapee zilitungwa hasa kwa mafaili ya namna hiyo. Laiti ningaliyajua haya mwaka 2018.

Picha niliyoidharau

Yapata mwezi mmoja baada ya yule kijana kusimama mlangoni, nilikuwa nikijifunza darktable kwa kufungua picha zangu za zamani ovyo ovyo. Nikalifungua jalada la siku ile, nikaona mstari wa nyuso laini kumi na moja. Mwishoni mwake palikuwa na kipande cheusi. Ilikuwa ile ya kumi na mbili.

Ilikuwa salama kwa sababu niliiona haifai. Zile zote nilizozipenda nilikuwa nimeziharibu, na hii niliyoidharau ndiyo peke yake iliyobaki kama kamera ilivyoiona.

Niliongeza mwanga polepole. Kwanza ilionekana nguzo ya baraza, kisha kitambaa cha kichwa, kisha mkono ulioinuliwa. Uso wa mama ulijitokeza taratibu, kama mtu atokaye ndani ya nyumba yenye giza akiukaribia mlango. Kwa kuwa ilikuwa JPEG, sehemu za giza zilijaa chembechembe kama mchanga, na sikuweza kuziondoa zote bila kuanza tena kulainisha ngozi, jambo nililokwisha kuapa kutolifanya. Nikaziacha. Lakini mikunjo ilikuwapo. Na juu ya jicho la kushoto, lilipogeukia kwenye mwanga, kovu lilikuwapo.

Nilimpelekea mwenyewe kwa dada yake, sikumtuma mtoto. Aliiangalia muda mrefu, kisha akaligusa paji la uso katika picha kwa kidole kimoja. "Kola yangu ilikuwa ikimsumbua siku zote," akasema. Akacheka kidogo, halafu akaniomba nimsamehe kwa maneno ya siku ile. Mimi ndiye niliyestahili kuomba msamaha, nami nikauomba.

Lakini nisiwadanganye wasomaji kwa kuifanya hadithi hii iwe na mwisho mtamu kupita kiasi. Picha ya mama yule akitazama mbele, akicheka, uso mzima, zilikuwapo kumi na moja, na hakuna hata moja itakayorudi. Mwanawe ana picha ya ubavuni yenye chembechembe. Hiyo ndiyo gharama ya kitufe kimoja cha shilingi 30,000.

Mwenendo wa nyumba

Sasa kazi yangu ina utaratibu ambao watoto wangu wamekwisha kuukariri. Kadi haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili. Katika kompyuta kuna jalada liitwalo ASILI, lenye tarehe ya kila kazi, na humo hakuna mtu anayehariri kitu. Nakala yake ipo katika diski ya pembeni inayokaa kwa dada yangu, ili moto au mwizi asichukue vyote kwa siku moja. Picha za kitambulisho nazikata kwa GIMP, na kazi nyingine zote nazifanya kwa darktable. Mteja akitaka chunusi ya wiki hii iondolewe, naiondoa katika nakala, kwa kuwa chunusi ni mgeni. Kovu, alama ya kuzaliwa na mikunjo ni wenyeji, na wenyeji siwagusi mpaka mwenyewe aniagize. Hata akiniagiza, asili yabaki ghalani.

Na tusiifunge imani yetu yote kwa programu moja. Wengi walitumia Picasa ya Google kwa miaka mingi, na mwaka 2016 Google iliacha kuiendeleza. Waliokuwa na picha zao za asili zimepangwa vizuri walihamia kwingine bila kilio. Programu ni jembe, nalo jembe hubadilishwa. Mbegu ndiyo isiyoliwa.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mke wa askari na una simu tu, au ni sajini uliyebakiza mwaka mmoja wa utumishi na unatafuta kazi ya kufanya uraiani. Anza na chombo chochote cha halali unachokimudu. Lakini kabla hujakisifu kwa yale kiwezayo kufanya, kijaribu kwa picha moja usiyoijali: irekebishe, ihifadhi, kisha uitafute ile ya kwanza. Ukiikosa, kiache chombo hicho, hata kama ni cha bure na hata kama majirani wote wanacho.

Mtu anapokaa mbele ya kamera yako amekukabidhi amana. Hajui ni nani atakayeitafuta sura yake kesho, wala wewe hujui. Akiba haiozi, itunze kama ulivyoipokea.